Mkono Ukitetemeka, Nani Aitulize Picha?

Leo nimekuja na habari ya video zinazoyumba. Kila aliyewahi kukaribishwa sebuleni, Kibondo au Kasulu, akawekewa video ya harusi ya ndugu, anajua ninachosema. Bibi harusi anaingia ukumbini, picha inakimbilia kulia. Mama mkwe anainuka kucheza, wewe unaonyeshwa dari. Wakati wa kutunza, unaona visigino vya watu na mguu wa meza. Nusu saa haijafika, mgeni mmoja anaomba maji na mwingine amekwisha kugeuzia uso dirishani. Na aliyepiga video hiyo alilipwa. Ukimuuliza, atakuambia kwa kujiamini kabisa kwamba simu yake inatuliza picha yenyewe.

Sawa, inatuliza. Swali langu ni moja: inatuliza kwa njia gani? Maana njia ni mbili, na ziko mbali sana, ingawa dukani huuzwa kwa neno moja. Njia ya kwanza ni ya mashine: kuna kitu ndani ya kamera kinachosogea kweli kweli. Ya pili ni ya programu: hakuna kinachosogea, ni hesabu tu. Mtu asiyejua ana ipi atapiga harusi ya usiku kwa kifaa kilichofaa mchana, kisha atailaumu taa, atamlaumu MC, amlaumu na bwana harusi kwa kucheza sana.

Tuanze na mkono wenyewe. Mkono wa mtu mzima, mwenye afya, ambaye hakuonja kitu, hutetemeka kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde. Ndivyo tulivyoumbwa. Daktari wa upasuaji anatetemeka, fundi wa saa anatetemeka, ila ni kidogo kiasi kwamba jicho halioni. Kamera inaona. Na ukivuta kitu cha mbali kije karibu, mtetemo nao unakuja: ukikikuza kitu mara kumi, umeukuza na mtetemo mara kumi. Hapo bado hujaanza kutembea, hujasukumwa na watoto, hujapanda ngazi za kanisa kinyumenyume huku maharusi wanakufuata.

Sasa, mashine inafanyaje? Ndani ya simu au kamera mna kidude kisichofika ukubwa wa punje ya mchele, kiitwacho jairoskopu. Kazi yake ni kupima mgeuko: simu imeinama kiasi gani, imezunguka kiasi gani, mamia ya mara kwa sekunde. Taarifa hiyo inapelekwa kwenye koili za waya zilizokaa jirani na visumaku. Umeme ukipita, koili inasukumwa, na lenzi inasogea kinyume cha mtetemo wa mkono. Na hapa, msikilizaji, huna haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili, kwa sababu unalisikia sasa hivi. Ndani ya spika ya redio yako mna koili na sumaku. Umeme unaingia, koili inakwenda mbele na nyuma, na ile karatasi ya spika inasukuma hewa hadi sikioni mwako. Kwenye simu koili inasukuma lenzi badala ya hewa. Kamera nyingine haziigusi lenzi. Zinakisogeza kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga.

Mtazame mama anayepanda kilima na ndoo ya maji kichwani. Miguu inapanda na kushuka, kiuno kinakwenda huku na huku, lakini maji hayamwagiki, kwa sababu shingo inaula mtikisiko kabla haujafika kwenye ndoo. Utulizaji wa mashine ndio huo. Mtikisiko unaliwa kabla ya mwanga kutua.

Si jambo la jana. Panasonic walitoa kamera ya video yenye kutuliza picha mwaka 1988. Canon wakaiweka kwenye lenzi ya kuvutia mbali mwaka 1995, Minolta wakakisogeza kihisi badala ya lenzi mwaka 2003, na mwaka 2012 Nokia wakaishusha mashine hiyo hadi kwenye simu, ile Lumia 920. Kwa hiyo kijana anayekuambia hii ni teknolojia mpya iliyoingia mwezi uliopita, mwache auze.

Programu nayo inaiacha picha ipigwe ikiyumba hivyo hivyo. Video ya kawaida ni picha 30 kwa sekunde, na kila moja tunaiita fremu. Programu inazishika fremu hizo moja moja na kuzipanga upya. Hii ilikwenda kushoto, isogezwe kulia. Ile iliinama, inyooshwe. Lakini ili ipate pa kusogezea, lazima picha iliyopigwa iwe kubwa kuliko itakayoonyeshwa. Hivyo inakata kingo pande zote nne. Kwa kawaida huondoka kama sehemu ya kumi ya picha, na ukichagua ule utulivu mkubwa zaidi, inakata zaidi ya hapo. Ndiyo maana ukipanga ukoo mzima mbele ya nyumba na kuwasha kitulizaji, shangazi aliyesimama mwisho wa mstari anatoweka. Alikuwepo, alivaa kitenge kipya, amekatwa na programu.

Hilo la kingo watu wengi wamekwisha kulizoea. Lenye uzito ni la wakati. Mashine inafanya kazi mwanga ukiwa bado unaingia. Programu inafika mwanga umekwisha kuandikwa. Tofauti hiyo ni ya sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ndani yake ndimo kazi nzuri na kazi mbaya zinapoachana.

Kila fremu inahitaji muda wa kupokea mwanga. Saa saba mchana, uwanjani, jua la wazi la Kibondo, kamera haihitaji hata sehemu ya elfu ya sekunde. Katika muda mfupi kama huo mkono hauna nafasi ya kwenda popote. Kila fremu, ukiitazama peke yake, ni safi, unahesabu hadi shanga za mavazi. Tatizo limebaki moja tu: fremu hazikukaa mahali pamoja. Na kazi hiyo ya kupanga, programu inaiweza vizuri kuliko wanavyokiri wazee wa kamera. Kwa video ya mchana, mimi sina ugomvi na programu.

Sasa tuingie ukumbini saa mbili usiku. Taa ni mbili tatu za rangi zinazozunguka, na jenereta inavuta pumzi. Simu inafanya nini? Inaliacha jicho lake wazi kwa muda wote inaoruhusiwa, yaani karibu sehemu ya 30 ya sekunde kwa kila fremu, kwa sababu mwanga hautoshi. Muda huo unatosha kabisa kwa mkono kuhama. Uso wa bibi harusi unaandikwa hapa na pale kwa wakati mmoja, unakuwa ukungu. Programu ikija nyuma, inazipanga fremu zake kwa ustadi, kila moja inakaa mahali pake, lakini ukungu umo ndani ya kila fremu na haupangiki. Matokeo yake umeyaona bila kuyajua jina: picha imetulia tuli, ukuta hauyumbi, lakini uso unakuwa wazi, unafifia, unakuwa wazi tena, unafifia, wakati mhusika amesimama na hata kope hapepesi. Ukiona hivyo, jua hapo programu imefanya kazi yake yote, na kazi yake haikutosha.

Mtu ataniambia, siku hizi kuna programu zinazouondoa ukungu. Zipo. Zinachofanya ni kukisia uso ulikuwaje kabla haujaharibika. Kwa tangazo la sabuni, sawa. Kwa video ya mwisho ambayo babu alionekana akicheza, mimi sitaki uso wake ukisiwe.

Wala simsemi fundi wetu wa hapa peke yake. Wakubwa wa dunia walipita njia hiyo hiyo. Mwaka 2016 Google walitoa simu yao ya kwanza ya Pixel bila lenzi inayosogea. Waliamini hesabu zingetosha, na hawakuwa wajinga: waliitumia jairoskopu kuiongoza programu, na video zao za mchana zilisifiwa sana. Mwaka uliofuata, 2017, ikatoka Pixel 2. Ndani yake wameweka lenzi inayosogea, na programu wameiacha ifanye kazi pamoja nayo. Kampuni iliyokuwa mtetezi mkubwa wa programu duniani ilihitaji mwaka mmoja kuirudia koili na sumaku. Mimi sihitaji ushahidi mwingine.

Ila tuwe waadilifu. Kwenye picha mnato, si video, programu imepata jibu la kweli kwa usiku. Badala ya kuliacha jicho wazi kwa muda mrefu, simu inapiga picha nyingi fupi fupi, inazilinganisha, inazipandanisha moja juu ya nyingine, na mwanga mdogo wa kila moja unajumlishwa. Google walileta mtindo wao wa usiku mwaka 2018, na leo hata simu za bei ya kawaida zina kitu cha namna hiyo. Unaambiwa usitikisike sekunde kadhaa, unatoa picha nzuri. Lakini video haina sekunde kadhaa za kungoja. Mwanaharusi anapokata keki, fremu inayofuata inadaiwa papo hapo.

Baada ya kuisifu mashine hivyo, niseme inaposhindwa, na inashindwa hapa hapa kwetu Kigoma, barabarani. Mnajua mradi wa lami wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita zipatazo 260, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Vipande vyake viwili vinakutana kwenye njia panda ya Nduta: kimoja kinatoka Mvugwe kuja pale, kingine kinatoka pale kwenda Kabingo. Juu ya lami, gari halichezi sana. Ukiiacha lami ukashika njia ya vumbi, kila kitu kinaruka, na hapo lenzi inayosogea imefika mwisho wa kamba. Ndani ya simu, lenzi hiyo ina nafasi ya kama nyuzi moja tu kila upande. Mtetemo wa mkono unaingia humo. Shimo la barabarani haliingii. Lenzi inagonga mwisho wake, inarudi, inagonga tena, na video inatoka na vishindo vibaya kuliko ile isiyotulizwa kabisa.

Hapo programu inamshinda mwenzake bila ubishi. Kamera ndogo za GoPro, zile za kufunga kwenye kofia na pikipiki, tangu toleo la mwaka 2018 zinatuliza kwa programu peke yake. Hazina lenzi inayosogea, na mtu anashuka nazo mlima kwa baiskeli unadhani anateleza juu ya maji. Zinaweza kwa sababu zinanasa picha pana sana, zina kingo za kutosha kukata, na mara nyingi zinapigwa juani.

Kuna na faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Kihisi cha simu hakisomi picha yote kwa mpigo. Kinaisoma mstari kwa mstari, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Gari likiruka katikati ya usomaji, mistari ya mwanzo imeandikwa gari likiwa chini na ya mwisho likiwa juu. Matokeo yake, nguzo iliyonyooka inatoka imepinda, na ukuta wa nyumba unacheza. Programu inayosoma jairoskopu inajua kila mstari ulisomwa lini na simu ilikuwa imeelekea wapi wakati huo, kwa hiyo inaweza kuinyoosha picha mstari kwa mstari. Baadhi ya picha za kambi ya wakimbizi ya Nduta zilizoonekana duniani tangu ilipofunguliwa upya Oktoba 2015 kwa ajili ya ndugu zetu wa Burundi, zimechukuliwa na wageni walio safarini, mkononi kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, dirisha la gari limeshushwa. Mgeni kama huyo akiwa na programu nzuri na jua la mchana, hana haja ya kingine. Ingawa ningemshauri ashuke garini, kwa sababu nyingine zisizohusu kamera.

Tukiwa bado upande huo, tuzungumzie ngoma. Ngoma za Warundi, ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ni mtihani mkali kwa kitulizaji chochote. Wapigaji wanaruka, mikono inapaa, mduara unafunguka na kufunga. Sasa elewa kwamba programu zenyewe ni za aina mbili. Moja inasoma jairoskopu, kwa hiyo inajua mkono wa mpiga picha umefanya nini. Nyingine haina habari ya mkono. Inaitazama picha tu, inatafuta vitu visivyohama, na kuvitumia kama alama. Hii ya pili ndiyo inayotumiwa na mafundi wetu wa kuhariri kwenye kompyuta, maana kazi ikiwafikia, habari za jairoskopu mara nyingi hazimo. Jaza picha yote kwa wapiga ngoma wanaoruka, halafu uipe programu ya namna hiyo. Itawachukua wapiga ngoma kuwa ndio ulimwengu uliotulia. Utaona mpigaji anaelea mahali pamoja, na miti nyuma yake inapanda na kushuka. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: unapopiga, acha paa la nyumba au shina la mti lionekane mahali fulani kwenye picha, programu ipate pa kushika. Anga tupu halisaidii, halina alama.

Na jua likishazama, mikono ya mpiga ngoma itakuwa ukungu hata ungekuwa na lenzi ya mamilioni. Kitulizaji kinatuliza kamera. Hakimtulizi anayepigwa picha. Hilo hufichwa na wauzaji kila siku: mtu anaambiwa kamera hii inaona gizani bila kutikisika, anainunua, anampiga mtoto anayekimbia usiku, anapata kivuli chenye miguu minne. Kinachomkamata mtoto anayekimbia ni mwanga, ili kamera ifungue jicho kwa muda mfupi.

Niwapeleke kidogo Gombe, maana ni Kigoma yetu hiyo hiyo. Mwaka 1962 alifika pale Hugo van Lawick, mpiga picha aliyetumwa na National Geographic kumpiga picha mtafiti Jane Goodall na sokwe wake. Lenzi zake hazikuwa na koili, wala programu ya kutuliza picha haikuwepo duniani. Alikuwa na kamera ya filamu ya milimita 16, na miguu mitatu ya kuisimamishia. Mliofika Gombe mnayajua yale magenge, yanavyopanda kutoka ziwani. Vyombo vyote hivyo vilipandishwa huko. Filamu ikaonyeshwa Marekani mwishoni mwa 1965. Na mwaka 2017, zaidi ya miaka 50 tangu alipoanza kazi ile, mwongozaji Brett Morgen alichukua zaidi ya saa 100 za mikanda ya van Lawick akatengeneza filamu mpya inayoitwa Jane. Iliwezekana kwa sababu mikanda ilikuwa inatazamika. Stendi ya miguu mitatu haina betri, haina sasisho, haikati kingo, na usiku inafanya kazi sawasawa na mchana. Ushauri mmoja tu: kama lenzi yako ya zamani ina kitulizaji cha mashine, kizime ukiiweka juu ya stendi, maana nyingine zikikosa mtetemo zinaanza kuutafuta, zinaitikisa picha zenyewe.

Sasa bodaboda. Hili ni kwa vijana wetu wanaofunga simu kwenye usukani, wasikilize muziki au waione ramani. Septemba 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari kwa wateja wake: mtikisiko wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuiharibu mashine ya kutuliza picha ndani ya iPhone, pamoja na mashine ya kulenga. Kwa pikipiki ndogo walisema mtikisiko ni mdogo, lakini bado walishauri kishikio chenye kumeza mtikisiko na kutokukaa hivyo kwa muda mrefu kila siku. Sasa hesabu mwenyewe. Pikipiki zetu ni ndogo, ndiyo. Lakini barabara ya rafu inaongeza, na kijana anashinda juu ya pikipiki kutwa nzima, si nusu saa ya kwenda ofisini. Lenzi ile inaning'inia kwenye visumaku na nyaya nyembamba. Haikutengenezwa kwa maisha hayo. Simu isiyo na mashine ya kutuliza ina vichache vya kulegea. Kwa mwendesha bodaboda, simu ya programu tupu ni mali inayodumu zaidi, hata kama ni ya bei ya chini.

Na hili linamhusu anayenunua simu ya mtumba. Simu iliyokaa kwenye usukani haina alama usoni. Kioo kinang'aa, betri imebadilishwa. Ifungue kamera palepale dukani. Elekeza kwenye maandishi ya ukutani, shikilia. Picha ikitetemeka yenyewe kama yenye baridi, ikikataa kukaza maandishi, au ukisikia mlio wa kugongagonga kamera ikiwa imefunguliwa, rudisha simu, mshukuru muuzaji, ondoka. Mlio mdogo ukiitikisa simu wakati kamera imefungwa si ubovu; simu nyingi zenye lenzi inayosogea hulia hivyo.

Utajuaje simu ni ya mashine au ya programu? Kwenye boksi utaona herufi O-I-S kwa mashine, E-I-S kwa programu. Muuzaji atakuambia, "Kaka, hii ina vyote." Usibishane naye. Fungua upande wa video, washa kitulizaji, kizime, kiwashe tena. Picha ikiruka ghafla kuja karibu na kingo zikapotea, hiyo ni programu. Kisha nenda kona yenye giza, jaribu kupiga picha ya kitu kilichotulia bila mtindo wa usiku, uone kama inatoka na ukungu. Na kumbuka kuuliza ni kamera ipi kati ya zile tatu nne za nyuma yenye lenzi inayosogea, maana kwa simu nyingi ni moja tu, ile kuu. Ile pana haina. Ya mbele, unayojipigia mwenyewe na mwenzi wako, mara nyingi nayo haina.

Kuna wanaoniuliza habari za gimbali, zile mashine za mkononi zenye mota tatu zinazoshika simu iwe wima. Ni kitu kizuri. Kwa mpiga harusi anayetembea mbele ya maharusi, kinashinda kila kilichomo ndani ya simu. Ila kina betri, kinaogopa vumbi, na kinahitaji mkono uliojifunza. Ndicho cha kununua kwanza? Hapana. Ni cha tatu.

Cha kwanza ni stendi, cha pili ni taa. Ndilo neno langu kwa vijana wa studio za Kibondo, Kasulu na Kakonko, na kwa wale wanaopigia sherehe kambini. Taa moja ya kuchaji, iliyoelekezwa ukutani ili isichome macho ya watu, inaifanya kamera ifungue jicho kwa muda mfupi. Hapo programu uliyo nayo tayari, ile ya simu ya kawaida, inaanza kuonekana kama ya simu ya bei mara tatu. Mwenye fedha aongeze lenzi inayosogea. Asiye nazo, asikope.

Na kwenu kamati za harusi, maana msimu unakuja na vikao vimeanza. Mnapokaa na mpiga video, msimuulize ana simu gani wala kamera ya jina gani. Mwambieni awaonyeshe kipande alichopiga ukumbini usiku, kisichopungua dakika tano, bila muziki juu yake. Tazameni nyuso. Zikiwa zinafifia na kurudi, msilipe hata shilingi ya kianzio mpaka awaonyeshe stendi na taa.